Raketi ya gramu 260 imeanza kunishinda, nihamie ipi?

MkaziWaShangani
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa raketi ya tenisi. Ninayotumia ni nyepesi: fremu imeandikwa gramu 260, kichwa inchi za mraba 110, na nyuzi ni zile zile iliyokuja nazo miaka miwili iliyopita. Nacheza mara tatu kwa wiki hapa Mtwara mjini, uwanja wa sementi. Sasa nazungusha mkono wote kwenye forihendi na mipira inapita mstari wa nyuma. Nikipokea sevu ya nguvu, raketi inajipinda mkononi. Kiwiko nacho kimeanza kuuma kidogo upande wa nje.

Kuna mbili za mtumba, zote ziko Dar, zitaletwa kwa basi. Ya kwanza imeandikwa gramu 300, kichwa 100, nyuzi 16 kwa 19 (yaani 16 za wima, 19 za mlalo). Ya pili kichwa 98, nyuzi 18 kwa 20, maandishi ya uzito yamefutika ila muuzaji ameiweka kwenye mizani ikasoma 318. Nichukue ipi? Na niruke moja kwa moja, au nipitie ya katikati kwanza?

MsukaNyuzi
Mkuu, kabla ya kutuma hela Dar, kata hizo nyuzi. Nyuzi za miaka miwili zimeshalegea hata kama hakuna uliokatika, na nyuzi zilizolegea zinaurusha mpira mbali kuliko ulivyokusudia. Huenda nusu ya malalamiko yako iko hapo.

Weka nailoni ya milimita 1.30. Raketi moja inakula kama mita 12. Kwa kichwa cha 110 mwambie fundi akaze kilo 25, yaani paundi 55, lakini asome kwanza kiwango kilichochapwa kwenye fremu, mara nyingi ndani ya shingo, asikivuke. Miezi ya joto kali ya huku kwetu nyuzi hulainika na mpira huruka zaidi, kwa hiyo kuongeza nusu kilo wakati huo si kosa. Poliesta usiiguse kwa sasa. Ni ngumu, inapeleka mtikisiko kwenye mkono, na kiwiko chako kimeshatoa taarifa.

Ukizikata mwenyewe, anzia katikati ya kichwa, nenda kwa mshazari ukielekea nje, wima na mlalo pamoja. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mvuto unabaki upande wa pili na fremu inaweza kupinda au kupasuka. Hata mpira ukikata uzi mmoja uwanjani, zilizobaki zikate mapema, usingoje wiki.

Baada ya hapo cheza wiki mbili ndipo uamue. Na kwa kuwa unacheza mara tatu kwa wiki, suka upya angalau mara tatu kwa mwaka.

KochaMikindani
Naunga mkono nyuzi, lakini kujipinda hakutaondoka na nyuzi. Mpira wa tenisi una gramu 56 hadi 59. Ukija kwa kasi ukagonga pembeni ya kichwa, raketi nyepesi haina uzito wa kuupinga, inageuka. Wewe nawe unabana mpini kwa nguvu ili isigeuke, na huko kubana ndiko kunakochosha misuli ya kigasha hadi kiwiko kinauma. Hiyo ndiyo dalili ya kweli kwamba umeizidi raketi. Kutoa mipira nje peke yake si dalili ya kutosha.

Jaribu uzito kabla ya kununua. Ziko tepu za risasi za kazi hii, lakini kwa wavuvi huku Mikindani utapata chubwi, zile risasi za mishipi. Chukua vipande viwili vya gramu 3, vitwange viwe bapa kama ukucha, kimoja ubandike upande wa kulia wa kichwa na kingine wa kushoto, kwa ndani, pale kichwa kilipo kipana zaidi. Funika chote kwa tepu ya umeme, kisha nawa mikono kwa sabuni, risasi ni sumu. Ukibandika gramu zile zile kwenye ncha utaona raketi nzito kuliko unavyotarajia, kwa sababu uzito ukiwa mbali na mkono huhesabika zaidi unapozungusha. Kwenye kupokea sevu pande mbili ndizo zinazosaidia, ncha haizuii kujipinda.

Ongeza gramu 8 chini ya mpini, ndani ya gripu (mkanda unaozungushiwa mpini), ili kichwa kisikuelemee. Jumla ni 14. Cheza wiki mbili. Ikiwa hadi seti ya pili bado unaufikia mpira mbele ya mwili, uko tayari kwa gramu 300 bila kupitia ya katikati. Ukianza kuchelewa, hasa bekihendi, kaa kwenye 280 hadi 285 kwanza.

Hiyo ya 318 kwako naiona nzito sana, iache.

PimaKwanza
Kocha, hapo kwenye 318 naomba tusimame kidogo. Uzito unaochapwa kwenye fremu ni wa raketi bila nyuzi. Nyuzi peke yake ni gramu 15 hadi 18, gripu nyembamba ya juu ni kama 5. Muuzaji ameweka mizanini raketi kamili. Ukitoa nyuzi unabaki na takriban 301, na ikiwa ina gripu ya juu ni 296. Kwa hiyo raketi hizi mbili uzito wake ni mmoja! Na ile ya 260, ukiiweka kwenye mizani ya jikoni leo, itasoma karibu 277.

Tofauti iko kwenye kichwa na nafasi za nyuzi. 18 kwa 20 nyuzi zimebanana, mpira unatoka chini na umenyooka, inamfaa anayepiga bapa na kwa usahihi. 16 kwa 19 zina nafasi, zinaushika mpira na kuusokota, unapita juu ya wavu halafu unashuka ndani. Mtu anayetoka 110 na mipira inamtoka nje, mimi ningempa 100 ya 16 kwa 19, kwa sababu msokoto ndio utakaomrudishia mpira uwanjani.

Mwambie muuzaji apime na mlingano. Aiweke raketi juu ya ukingo wa rula hadi itulie, kisha apime kutoka kitako cha mpini. Urefu wa kawaida ni sentimita 68.5, nusu yake 34.25. Ikitulia kwenye 32, uzito uko upande wa mkono, itazunguka kirahisi. Ikitulia kwenye 35, kichwa ni kizito, na gramu 300 za namna hiyo utazihisi kama raketi nyingine kabisa. Namba ya gramu bila namba hii haijakwambia kitu.

KochaMikindani
Umenisahihisha vizuri, sikuziangalia nyuzi kwenye hesabu. Nafuta neno langu, na mimi nasema achukue 100. Kichwa cha 100 si cha wanaoanza tu. Federer mwenyewe aliacha 90 akahamia 97 mwaka 2014, akiwa na mataji 17 ya Grand Slam.

MkaziWaShangani
Nimewaelewa wakuu, nashukuru sana. Nimwambie muuzaji anipigie picha za sehemu gani? Na saizi ya mpini nitaijuaje bila kuishika?

MsukaNyuzi
Picha nne: ncha ya kichwa, shingo pande zote mbili, vitundu vya plastiki vinapopita nyuzi, na kitako cha mpini. Mchubuko wa rangi kwenye ncha ni wa kawaida. Ufa unaoingia kwenye kaboni ya fremu yenyewe, hasa karibu na shingo, usinunue. Agonge fremu kwa kifundo cha kidole akirekodi: nzima inalia kavu, iliyopasuka inachakarisha. Plastiki zilizokatika zitakukatia nyuzi mpya ndani ya siku chache.

Kitako kina namba ya saizi, 1 hadi 4. Shika raketi yako kama ya forihendi, ingiza kidole cha shahada cha mkono mwingine katikati ya ncha za vidole na kiganja. Kikienea bila kubanwa, hiyo ndiyo saizi yako. Ukiwa kati ya mbili chukua ndogo, gripu moja ya juu inaongeza karibu nusu saizi. Mpini mwembamba mno unakufanya ubane, na tumeshasema kubana kunafanya nini.

MamaRondo
Samahani kwa kuingilia, niko Lindi. Mwanangu ana miaka 9, urefu sentimita 135. Naambiwa nimnunulie ya watu wazima ili asiizidi haraka. Ni sawa?

KochaMikindani
Hapana mama, atajifunza kuburuta mkono. Mtafutie ya inchi 25. Asimame, mkono umenyooka chini na raketi mkononi: ncha ifike karibu na ardhi bila yeye kukunja kiwiko. Mpira uwe ule wa rangi ya chungwa, kasi yake ni nusu ya mpira wa kawaida. Akifika 140, mhamishie inchi 26.

PimaKwanza
Mkazi, la mwisho: raketi ikifika usiiache kwenye buti la gari juani, nyuzi zitalegea kabla hujacheza. Na nyuzi zitakazokuja nazo zikate tu, hujui zina umri gani. Kwenye 100 anza na nailoni kilo 24.