Mjadala: Sheria inapima ganda la risasi, mwindaji anakata ganda. Tatizo liko wapi?

MkaziWaWabash (mtoa mada):

Wakuu, habari za majukumu. Naleta hoja inayotugusa sisi tunaowinda kulungu huku Indiana. Wa Ohio, Michigan, Iowa na Illinois najua mtakuwa na la kusema.

Kwa asiyejua: Marekani kila jimbo lina kanuni zake za uwindaji. Majimbo ya ukanda huu wa mahindi, ambako ardhi ni tambarare na nyumba zimetawanyika mashambani, kwa miaka mingi yalikataza raifo kwa kulungu. Ruksa ilikuwa shotgani, gobore, bastola na upinde. Sababu ni usalama: risasi ya raifo inakwenda mbali.

Mwaka 2007 Indiana ikalegeza. Raifo ruksa, ila itumie risasi za aina ya bastola. Sasa "aina ya bastola" unaiandikaje kwenye kanuni? Wakaandika vipimo: kichwa cha risasi (kile kinachoruka) kisipungue kipenyo cha inchi .357, ganda (kikopo kinachobeba baruti) lisiwe fupi kuliko inchi 1.16 wala refu kuliko 1.625. Basi. Hawakusema ganda liwe limenyooka au liwe na shingo, yaani limebanwa mdomoni. Hawakugusa kiasi cha baruti wala kasi.

Watu wakachukua vipimo. Winchester walikuwa na familia ya maganda mafupi manene, WSSM, yenye urefu wa inchi 1.670. Yanazidi kikomo kwa milimita moja na ushee. Ukikata hiyo milimita, ukapanua shingo ishike kichwa cha .358, umepata .358 Hoosier. Kwenye karatasi hiyo ni risasi ya bastola. Ukiiweka begani ni raifo kamili, nguvu zake ni jirani na .358 Winchester, risasi ya raifo ya kiwandani, na kulungu aliyesimama yadi 200 hana pa kujificha.

Miaka michache baadaye kikomo kikapandishwa hadi inchi 1.8, hata kukata kukawa hakuna haja. Kisha 2016 bunge la jimbo likaruhusu raifo zenye nguvu kwenye ardhi binafsi, safari hii kwa kutaja risasi zenyewe kwa majina yao ya namba: .243, .30-30, .300, .30-06, .308. Mwenye .270 yake ya urithi akabaki nje, japo .30-06 iliyoruhusiwa ni ndugu yake wa karibu. Mwaka 2017 wakarekebisha: kichwa kuanzia .243, ganda kati ya inchi 1.16 na 3, na usibebe zaidi ya risasi 10 porini. Ardhi ya umma wakati huo ikabaki na kipimo kile cha bastola.

Msimamo wangu: urefu wa ganda hauna uhusiano wa maana na hatari. Kama mnaogopa umbali, pimeni umbali. Kama hamuogopi, tuacheni tuwinde. Hii ya katikati imezaa kazi kwa mafundi wa kukereza mitutu, na sidhani kama imemlinda mtu yeyote.

BabaNeema_DSM:

(DSM ni Des Moines, msije mkaniuliza foleni ya Ubungo.)

Ndugu yangu, umeandika vizuri lakini sikubaliani na wewe hata kidogo.

Sheria ya porini inasimamiwa na afisa mmoja mwenye gari moja, kwenye matope, vidole vimeganda. Atapimaje kasi ya risasi? Atapimaje umbali? Ganda analiweka kwenye kipimo, dakika moja kazi imekwisha. Kipimo kibovu kinachopimika ninakiona bora kuliko kipimo kizuri ambacho hakuna mtu wa kukisimamia. Kwetu Iowa mwaka 2017 waliruhusu raifo za ganda lililonyooka tu, halina shingo. Hata mimi niliyetoka Uvira nikiwa sijui tofauti ya kaliba na kalamu, nililitambua kwa macho.

Halafu kuna jambo ambalo nyinyi wa ardhi binafsi hamlisemi. Mwezi wa kumi na mbili mahindi yameshavunwa. Kati ya kichaka na nyumba yangu hakuna hata bua moja lililosimama. Msimu wa shotgani huku watu wanawinda kwa kundi: wengine wanaswaga, wengine wanasubiri mbele, kulungu anatoka mbio na watu wanapiga usawa wa tumbo. Wewe na risasi yako ya kujichongea unaniambia hatari haina uhusiano na ganda. Huyo anayepiga kulungu anayekimbia anajua nyuma yake kuna nini? Watoto wangu wanasubiri basi la shule barabara ileile.

FundiMitutu:

Nawapinga wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake.

Baba Neema, hofu yako naielewa, lakini kuna ripoti iliyotayarishwa kwa kamati ya bunge la Pennsylvania mwaka 2007. Walilinganisha raifo ya .30-06, shotgani ya risasi ya donge moja, na gobore. Mtutu ukiinuliwa juu sana, raifo inashinda kwa mbali, hilo halina ubishi. Lakini mtutu ukiwa usawa wa ardhi, kama hao wanaopiga usawa wa tumbo, donge la shotgani linagonga chini, linaruka na kuendelea, na kwa jumla likafika mbali kuliko risasi ya raifo. Kwa hiyo shotgani unayoiona salama ndiyo inayorukaruka kuelekea kwako.

Mtoa mada, wewe nakuunga mkono kwenye urefu wa ganda, na nitakuongezea mfano. Michigan tuna ukanda wa kusini wenye masharti. Tangu 2014 raifo inaruhusiwa ikiwa ganda limenyooka, kaliba (kipenyo) .35 kwenda juu, urefu usizidi inchi 1.80. Sasa chukua .45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, nzito, ya pole, inaanguka kama jiwe. Imenyooka, lakini ganda lake ni inchi 2.105. Hairuhusiwi! Halafu .450 Bushmaster, ganda inchi 1.70, karibu kichwa kilekile, imebuniwa kwa bunduki za kisasa za magazini. Karibu ndani. Nani anaweza kunieleza mantiki hapo?

Lakini risasi za kubuni zenyewe sizitetei kama wewe. Shida yangu ni kitako cha ganda, pale kiwanda kinapogonga jina la risasi. Jamaa yangu huko kwenu Indiana aliwahi kusimamishwa na afisa wakati kipimo kilikuwa bado 1.625. Afisa akatoa risasi, akaigeuza, akasoma kitakoni: 25 WSSM. Akasema, mzee, hii ni robo inchi, kanuni inataka .357. Na alikuwa na haki kusema hivyo, ndivyo chuma kilivyosema. Jamaa alikuwa na kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo, mfukoni. Wakaweka ganda juu ya boneti la gari, wakapima wawili, kila mmoja anasoma kwa sauti: kichwa .358, ganda 1.620. Akarudishiwa risasi zake na kutakiwa siku njema.

Hadithi imeisha vizuri kwa sababu mwenyewe alikuwepo na alijua anachobeba. Sasa mwenyewe akifa? Mjane anauza bunduki, mnunuzi anaona maneno ya kitakoni, anaenda dukani kununua kilichoandikwa. Hakuna kiwango kilichochapishwa na SAAMI, wale wanaoweka viwango vya risasi Marekani tangu 1926. Vipimo vya baruti vinapitishwa mdomo kwa mdomo, na ganda la WSSM linaruhusiwa shinikizo la hadi psi 65,000, wakati .450 Bushmaster ni 38,500. Hapo ukikosea, uso ndio unaolipa.

MwanaTemeke:

Wakuu samahani, kwa hiyo mnakata ganda, mnakerezesha mtutu, mnakaa juu ya mti kwenye baridi, yote kwa ajili ya nyama? Dukani imekwisha?

BabaNeema_DSM:

Mdogo wangu, nyama ya kulungu wa porini ni marufuku kuuzwa huku. Ukiitaka, panda mti.

AfandeMstaafu:

Nawasoma kutoka Morogoro, nimependa mjadala. Kwetu kanuni inavuta upande wa pili kabisa. Kwa nyati, simba na tembo inaweka kaliba ya chini, .375, kwa sababu tunaogopa risasi ndogo: mnyama akijeruhiwa bila kufa anamgeukia mtu. Kwenu inaogopwa risasi kubwa isije ikafika kijiji cha pili. Ndugu wa Kenya wao walifunga uwindaji wa burudani wa wanyama mwaka 1977, hawana hata la kupima.

Mimi kama niliyesimamia kanuni, namuunga mkono Baba Neema nusu. Ukiwa na mtuhumiwa mbele yako unataka kitu cha kushika mkononi. Hadithi za "kasi kwenye mdomo wa mtutu" peleka kwa wakili.

DadaWaPeoria:

Shikamoo Afande. Wengine hamjambo.

Naona hamjaigusa Illinois, na sisi ndio tuliojibu swali la risasi za kubuni waziwazi. Kuanzia 2023 raifo zinaruhusiwa, ila ziwe za kuweka risasi moja moja. Ganda likiwa limenyooka, kaliba .30 kwenda juu, sawa. Likiwa na shingo, lisizidi inchi 1.4. Halafu linakuja sharti lenyewe: risasi hiyo lazima iwe inapatikana imejazwa kiwandani, na jedwali la kiwanda lionyeshe nishati isiyopungua futi-pauni 500. Kwa maana hiyo Hoosier yako, kaka wa Wabash, ukivuka mto Wabash tu kuja kwetu ni chuma chakavu.

Mwanzo nililipenda sharti hili. Linamaliza tatizo la Fundi: kitako kinasema kilichomo. Linamsaidia Afande: afisa anasoma jina, anaangalia orodha. Linanisaidia na mimi, kwa sababu naomba mniruhusu niseme ukweli, hii michezo ya kukerezesha mitutu ni ya wanaume wenye karakana na pesa za kupoteza. Mtu anayeanza, aliyepata leseni jana, anataka bunduki ya bei ya kawaida na pakiti ya risasi aikute rafuni. Ndiyo maana .350 Legend, waliyoitoa Winchester mwaka 2019, ilienea haraka hivyo. Haisukumi bega, na imetengenezwa kwa kuitazama kanuni ya ganda lililonyooka.

Na hapo ndipo penye tatizo langu. Legend ni nini kama siyo Hoosier yenye muhuri wa kampuni? Remington nao 2023 wakachukua ganda la .30-30, wakalinyoosha, wakaliita .360 Buckhammer. Urefu wake? Inchi 1.80 kamili, kikomo cha Michigan bila kuzidi unywele. Kampuni kubwa ikisoma kanuni kwa rula inaitwa ubunifu, mtu wa karakana akifanya hivyohivyo anaitwa mjanja.

Tena sharti la kiwandani linampa mwenye kiwanda mamlaka ya kutunga sheria. Leo wanajaza, uko halali. Kesho wakiona hailipi wakaacha, bunduki ileile, mtutu uleule, kulungu yuleyule, wewe ni mhalifu. Muulizeni mtu mwenye WSSM ya kiwandani ni lini mara ya mwisho aliikuta dukani.

MkaziWaWabash:

Dada, hoja ya kiwanda umenipiga nayo, sikuwahi kuitazama hivyo.

Baba Neema, nirudi kwako maana umenigusa kwenye watoto. Mimi sipigi kulungu anayekimbia, lakini siwezi kukuapia kwamba jirani yangu hapigi. Kinachonisumbua ni kwamba kanuni yako ya ganda lililonyooka haimzuii. Anayepiga hovyo atapiga hovyo na Legend. Ungesema "hakuna kupiga kulungu anayeswagwa karibu na nyumba" ningekuunga mkono leo. Badala yake mnazuia kifaa cha anayekaa kimya juu ya jukwaa la mtini, akipiga kuelekea chini, risasi inaishia kwenye udongo mita chache nyuma ya mnyama.

Na kumbukeni hawa wanyama walikuwa wamekwisha. Indiana ilibidi irudishe kulungu kuanzia 1934, msimu wa kwanza ukafunguliwa 1951. Kanuni zile ngumu zilikuwa na maana wakati kila mnyama alihesabiwa. Leo wanavuka barabara kuu usiku kwa makundi, na madereva wa malori hapa wanajua ninachosema.

BabaNeema_DSM:

Hilo la kupiga kuelekea chini nalikubali. Jukwaa liwe sharti, basi, tena kabla ya kuzungumza kaliba. Lakini ukisema "tuacheni tuwinde" unasahau kwamba wapiga kura wengi wa jimbo lako hawawindi. Wao wanasikia mlio tu. Kanuni ya kupima ganda ndiyo iliyowafanya wakubali raifo baada ya miaka yote ile. Ukiwaonyesha kwamba mnaikata kwa msumeno kila inapoandikwa, safari ijayo watawarudisha kwenye gobore.

FundiMitutu:

Gobore la siku hizi lenye darubini linapiga yadi 200 bila wasiwasi, wakiturudisha huko sitalia sana.

DadaWaPeoria:

Basi niandike pendekezo mlichane. Kipenyo cha kichwa kiwe na kiwango cha chini, urefu wa ganda ufutwe kabisa. Risasi za kubuni ziruhusiwe, ila jina kamili lichongwe kwenye mtutu, na mwenye bunduki abebe karatasi ya vipimo, afisa apime hapohapo. Kupiga mnyama anayeswagwa kupigwe marufuku ndani ya umbali fulani wa nyumba. Na raifo zote ziwe za risasi moja moja, kama kwetu.

FundiMitutu:

Kuchonga jina kwenye mtutu, ndiyo, hata leo. Karatasi, sawa. La risasi moja moja silikubali: kulungu aliyejeruhiwa anahitaji risasi ya pili ndani ya sekunde tatu, na wewe ungali unapekua mfuko wa koti na glavu mkononi. Nitaandika kwa kirefu nikitoka zamu.