Kempe Gowda na Singam: Je, Wakannada waliilinda sinema yao au walijifungia mlango?

Ndugu wachangiaji, katika mjadala uliotangulia kuhusu filamu za Kihindi (tumezoea kuziita zote hivyo, ingawa Kihindi ni lugha moja tu kati ya nyingi zinazotumika humo), wengi walisema kwamba kutengeneza upya filamu ya watu wengine ni uvivu. Mfano uliotolewa ukawa Kempe Gowda, filamu ya mapigano ya lugha ya Kikannada ya mwaka 2011, ambayo kimsingi ni Singam ya Kitamil ya mwaka 2010 iliyobadilishwa sura za waigizaji. Mimi naona lawama imepelekwa nyumba siyo. Wa kuulizwa si Sudeep, aliyeiongoza filamu hiyo na kuwa stelingi wake, bali ni utaratibu uliofanya filamu ya jirani isiweze kusikika kwa Kikannada mpaka ipigwe picha upya tangu mwanzo.

Kikannada ni lugha ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India, ambalo mji wake mkuu ni Bengaluru, na jimbo hilo limezungukwa na majirani wenye sinema zenye soko kubwa kuliko lake, hasa Watamil na Watelugu. Tangu miaka ya 1960 wasanii na watayarishaji wa huko, akiwemo Rajkumar, ambaye kwa Wakannada alikuwa zaidi ya mwigizaji, walipinga filamu za nje kutiwa sauti za Kikannada, yaani picha zibaki zile zile ila waigizaji wasikike wakizungumza Kikannada. Haikuwa sheria iliyopitishwa na bunge lolote. Vyama vya watu wa filamu vilikubaliana hivyo, na mwenye sinema aliyekaidi alijua kitakachompata. Siwabezi, kwa sababu hofu yao ilikuwa na msingi: gharama ya kutia sauti ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kutengeneza filamu, na kama kumbi zingejaa kazi za Chennai, makao ya sinema ya Kitamil, zinazozungumza Kikannada, fundi taa, mshona mavazi na kijana anayeruka kutoka ghorofani badala ya stelingi wangekosa mkate wao.

Lakini tazameni lile zuio lilimbana nani. Filamu za Kitamil, Kitelugu na Kihindi ziliendelea kuonyeshwa Bengaluru katika lugha zake zenyewe, kwa hiyo mkazi wa mji anayejua lugha tatu hakupungukiwa na chochote. Aliyepungukiwa ni mtu wa kijijini anayejua Kikannada peke yake, yaani yule yule ambaye zuio lilidai kumtetea. Mwaka 2012 Aamir Khan, mwigizaji maarufu wa filamu za Kihindi, alipotoa kipindi chake cha runinga, Satyamev Jayate, kuhusu mambo mazito kama mauaji ya mimba za kike, Watamil na Watelugu walikisikia kwa lugha zao, Wakannada hawakukisikia kwa yao.

Sasa tuitazame filamu yenyewe. Polisi wa kituo cha kijijini anapata habari kwamba jambazi mkubwa wa mjini amepewa dhamana kwa sharti la kuja kutia sahihi katika kituo chake. Mkubwa huyo anamtuma mtu akatie sahihi kwa niaba yake, kama mtu anavyomtuma mtoto dukani, na polisi anamrudisha: aje mwenyewe. Ugomvi wote wa saa mbili na ushee unazaliwa na sahihi moja kwenye daftari la polisi, na kwa maoni yangu hakuna ngumi wala gari linalolipuka katika filamu hiyo lenye nguvu kama tukio hilo. Limo katika Singam, limo katika Kempe Gowda, na limo pia katika Singham ya Kihindi ya mwaka huo huo wa 2011, ambayo iliihamishia hadithi Goa, jimbo la pwani ya magharibi ya India.

Kilichobadilika katika toleo la Kikannada ni majina, na hapo ndipo penye utamu. Stelingi amepewa jina la Kempe Gowda, mtawala aliyeujenga mji wa Bengaluru katika karne ya 16. Jambazi anaitwa Arumugam, jina ambalo yeyote wa kusini mwa India akilisikia anawaza Mtamil. Kwa hiyo Wakannada waliazima hadithi kwa Watamil, wakampa shujaa jina la babu yao na adui wakamwachia jina la mwenye hadithi. Aliyemwigiza Arumugam ni Ravi Shankar, ambaye kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa kuwatia sauti waigizaji wengine katika filamu za Kitelugu. Kazi iliyokatazwa Karnataka ndiyo iliyomlea mtu aliyeibeba filamu hiyo, na kusema kweli Arumugam anakumbukwa kuliko polisi wake.

Mwaka 2015 Tume ya Ushindani ya India iliamua kwamba vyama vilivyozuia kutia sauti vilikiuka sheria ya ushindani, na mwaka 2017 filamu moja ya Kitamil ikaingia kumbini kwa Kikannada kwa jina la Sathyadev IPS, ingawa ilipokewa kwa upinzani mkali. Mwaka uliofuata ikaja KGF, filamu ya Wakannada wenyewe, ikatiwa sauti za Kihindi, Kitamil, Kitelugu na Kimalayalam na kuwafikia watu ambao sinema ya Karnataka haijawahi kuwafikia. Kantara ya mwaka 2022 ilipita njia hiyo hiyo wiki chache baada ya kutoka kwa Kikannada.

Nakiri kwamba nayasema haya nikiwa mtu aliyelelewa na vibanda umiza, ambako DJ mmoja alikuwa polisi, jambazi, mama mkwe na king'ora cha gari kwa wakati mmoja, na sikuona kwamba Kiswahili kilidhurika. Ila sisi hatukuwa na mafundi wa kupoteza kazi kwa ajili ya Singam, na wao walikuwa nao, kwa hiyo sitaki kulifanya jambo hili kuwa jepesi. Anayelitetea lile zuio ningependa anijibu swali moja tu: kama KGF ina haki ya kuzungumza Kitamil kule Madurai kwa Watamil, Singam ilikosa nini hata isizungumze Kikannada kule Mysuru, Karnataka?