Kundi la Familia: Mguu wa Baba

Salim: Shikamooni wazee. Niko nyumbani Muheza. Baba, na kisukari chake hiki, ana kidonda chini ya dole gumba, mguu wa kushoto. Mama aliona damu kwenye ndala ndipo wakakigundua. Mwenyewe anasema hasikii chochote.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Piga picha hapo penye mwanga wa dirisha, unitumie. Mtanue vidole na katikati pia nipaone.

Baba Mdogo: Kama hakimuumi si kikubwa. Mpakeni asali, kitakauka.

Shangazi Mwanaidi: Mdogo wangu, kutouma huko ndiko kunakonitisha. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, miguu ikafa ganzi, na damu nayo haifiki vizuri huko chini. Mwenye mguu mzima akikanyaga mwiba anaruka. Kaka anaukanyaga na anamaliza kupalilia shamba. Asali, majivu, spiriti, vyote hapana.

Salim: 📷 📷

Shangazi Mwanaidi: Nimeziona. Ule weupe pembeni ni sugu, na kidonda kimeingia chini yake. Msiikwangue kwa wembe, hospitali wataiondoa kwa vifaa safi. Sasa hivi osha kwa maji safi na sabuni, kausha taratibu, funika kwa gozi kavu, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Asiukanyagie. Kesho asubuhi hospitali, msingoje siku yake ya kliniki. Na usiku huu akipata homa, au wekundu ukipanda mguuni, au mkasikia harufu, msisubiri kukuche.

Leo asubuhi sukari ilisomaje kabla hajala?

Mama Salim: 14.2 wifi.

Shangazi Mwanaidi: Iko juu sana. Kabla ya kula wengi tunawataka kati ya 4 na 7 (mmol/L). Sukari ikiwa 14 kidonda hakifungi upesi, na vijidudu wanapata nafasi. Mwambieni daktari namba hiyo kesho, dawa zake ziangaliwe upya.

Baba: Nasoma yote. Mimi nimetembea peku tangu mtoto.

Shangazi Mwanaidi: Shikamoo kaka. Najua, na miguu ile ilikuwa inakuambia ikiumia. Hii ya sasa haikuambii, kwa hiyo macho yafanye kazi yake. Kila usiku unyayo utazamwe, juu, chini, katikati ya vidole. Kama huwezi kujikunja weka kioo sakafuni.

Mama Salim: Nitamtazama mimi tukimaliza Isha, kwa tochi ya simu.

Shangazi Mwanaidi: Allah akujaalie wifi. Na udhu pia. Anatawadha mara tano kwa siku, maji yanabaki katikati ya vidole, ngozi inalainika na kupasuka, fangasi wanaingia. Awe na kitambaa chake kidogo mfukoni, akaushe kila akitawadha. Mafuta apake unyayoni na kisiginoni, katikati ya vidole asipake. Ijumaa adhuhuri asivuke uwanja wa msikiti peku, ile sakafu ya jua inaunguza na yeye hatajua. Maji yake ya kuoga uyapime joto wewe wifi, kwa kiwiko.

Zuhura (Muscat): Shikamoo baba, pole sana. Shangazi, nimnunulie viatu huku?

Shangazi Mwanaidi: Nunua, lakini kidonda kipone kwanza. Salim amchoree miguu yote miwili kwenye karatasi, jioni, maana jioni ndio imevimba. Viwe vya kufunika vidole, laini ndani, nafasi ya upana wa kidole mbele. Na kaka, kila kabla ya kuvaa ukung'ute, pitisha mkono ndani. Kijiwe kimoja kinatosha kukuletea kidonda kingine.

Baba Mdogo: Nimekuelewa dada. Kesho naja na bajaji saa kumi na mbili na nusu, asitembee hata kidogo.

Shangazi Mwanaidi: Ahsante. Chukueni daftari la kliniki na dawa zote alizonazo. Wifi, macho alipimwa lini?

Mama Salim: Sikumbuki kama aliwahi.

Shangazi Mwanaidi: Basi ombeni na hilo, kila mwaka apimwe macho, na mkojo waangalie figo. Presha wataipima hapo hapo.

Baba: Niende bila kula?

Shangazi Mwanaidi: Hapana kaka. Kula kama kawaida, chai bila sukari, umeze dawa zako. Salim abebe soda yenye sukari kwenye mfuko. Foleni ikichelewa ukaanza kutetemeka na kutoka jasho, upime sukari, ikiwa imeshuka chini ya 4 unywe nusu chupa hapo hapo, urudie kupima baada ya dakika 15.

Baba: Haya dada. Nimeshakaa, mguu niko nao juu ya stuli.