Baridi inazoeleka? Gumzo la ukoo

Zuhura: Shikamooni wazee. Huku leo nyuzi 4, vidole vimekufa ganzi. Mwenzangu wa chumbani kavaa fulana tu, na dirisha kafungua!

Mjomba Salim: Marahaba mwanangu. Vumilia. Damu yako bado nyepesi, ikishakuwa nzito hutasikia kitu.

Juma: Mjomba 😂😂

Shangazi Rehema: Salim, uzito wa damu hauhusiki. Zuhura, mwili umevitoa vidole kafara. Mishipa midogo ya ngozini imejibana, damu imerudi ndani kwenye moyo na ubongo ili huko pabaki nyuzi 37 hivi. Ndiyo maana huishi kwenda chooni pia: damu ikijaa ndani, figo zinadhani maji yamezidi.

Zuhura: Shangazi habari za choo umezijuaje jamani 🙈

Juma: Na huyo wa fulana ana nini?

Shangazi Rehema: Kazoea. Baridi ikimpata mtu mara kwa mara, mwili unaacha kushtuka na kutetemeka kunapungua. Tena wavuvi wa bahari za baridi, wanaoshika nyavu zilizolowa kutwa, mishipa ya vidole vyao hufunguka kila baada ya muda, damu ya moto ikapita, halafu ikajifunga tena. Sote tunayo hiyo, ila yao inawahi na ina nguvu.

Mjomba Salim: Basi miezi miwili mtoto atakuwa sawa.

Shangazi Rehema: Atapata nafuu tu. Joto ndilo linalozoeleka haraka: wiki 1 au 2, jasho linawahi kutoka, linakuwa jingi na chumvi yake inapungua. Kwa baridi mwili ni mzito wa kujifunza na mwepesi wa kusahau. Kuna wanawake wa Korea, haenyeo, wapiga mbizi. Zamani walizamia hata majira ya baridi na kivazi chepesi cha pamba. Walipopimwa miaka ya 1960, miili yao ilikutwa inachoma nishati zaidi msimu wa baridi, na walichelewa kutetemeka majini kuliko watu wengine. Miaka ya 1970 wakaanza kuvaa suti za mpira. Walipopimwa tena miaka ya 1980, uwezo ule haupo.

Juma: Kumbe koti ndilo linalomharibia Zuhura mazoezi!

Mama Zuhura: Juma, usimtie ujinga mwanangu. Zuhura, vaa koti.

Zuhura: Nimevaa mama. Hapa jirani wana kichanga, mbona hatetemeki?

Shangazi Rehema: Wachanga kutetemeka hawajui vizuri. Wana mafuta ya kahawia, mengi yako katikati ya mabega, kazi yake ni kuchomwa yatoe joto. Watu wazima nao wanayo kidogo, ilithibitishwa 2009. Lakini kichanga hupoa upesi, asikudanganye utulivu wake.

Mjomba Salim: Wengine huko hunywa kidogo wapate joto.

Mama Zuhura: Salim!!

Shangazi Rehema: Pombe inafungua mishipa ya ngozi. Mtu anajisikia moto kumbe joto ndiyo linatoka. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 ni hatari. Zuhura, ukimkuta mtu anababaika maneno, tena alikuwa akitetemeka na sasa ameacha, usiseme kapona. Mvue nguo mbichi, mfunike, piga simu ya dharura. Maji yanaondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa.

Zuhura: Sawa shangazi, nimeandika.

Mjomba Salim: Na sisi wazee? Maana mnanitia baridi nami nimekaa mbele ya feni.

Shangazi Rehema: Wazee mishipa inachelewa kujibana, kutetemeka kunafifia, na baridi yenyewe mnaisikia mmeshapoa. Jifunike ukilala.

Mjomba Salim: Shuka nitajifunika. Feni siizimi.