Nimerushiwa pakiti ya maziwa kifuani MBELE YA WATEJA! Huyu bosi wa drai klina mnamjua

Mkono wa Shati (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Tangu mchana sijatia kitu mdomoni na sitaki kuona chochote cheupe mpaka Idi.

Yule bosi wa drai klina, mnamjua. Jina sitaji. Yule ambaye tumbo lake linaingia dukani saa mbili na yeye mwenyewe anafika saa mbili na nusu. Yule anayemwambia kila mteja "suti yako itatoka kama imeshushwa melini leo". Huyo huyo. Leo saa nane mchana amenirushia pakiti ya maziwa kifuani. Mbele ya wateja.

Ilikuwa hivi. Kaniingiza nyuma nisafishe mtungi wa mashine, ule wa kuchemshia dawa chafu ili itoke safi itumike tena. Chini yake hubaki tope jeusi zito kama lami, na lazima likombwe kwa mkono. Lile tope bado lina dawa ndani. Ukifungua kifuniko, mvuke unakupokea usoni, mtamutamu, unaweza kudhani mtu kamwaga marashi. Glavu sina. Barakoa niliyopewa ni ya kitambaa, ya enzi za korona, mvuke unapita pale kama maji kwenye chekeche. Dakika kumi nyingi, kichwa kikawa chepesi kama cha mtu aliyepiga gongo bila kula. Magoti yakanisaliti. Nikakimbilia mbele kutafuta hewa, nikashika bomba la kutundikia nguo, bomba likaja na mimi. Mashela mawili, kanzu sijui ngapi, zote chini, na mimi juu yake.

Hakuniuliza nimeumia wapi. Aliokota shela kwanza. Akalipangusa! Kisha akaenda kwenye friji, akatoa pakiti ya nusu lita, akanitupia nikiwa bado nimekaa sakafuni: "Kunywa maziwa, acha kudeka, urudi mzigoni." Pakiti ikapasuka, maziwa yakanichuruzika mpaka kwenye soksi. Kuna mama mteja alicheka.

Maziwa, jamani! Eti yanatoa sumu mwilini.

Kile kitu anachokiita dawa si dawa. Ubavuni mwa pipa imeandikwa tetrakloroethilini, wengine wanaiita perkloroethilini, kwa kifupi perki, na namba yake ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha mizigo ya hatari ni UN 1897. Mafuta yanayeyuka humo kama sukari kwenye chai, ndiyo maana suti ya sufu inatakata bila kuguswa na tone la maji. Sasa ngozi yangu nayo si ina mafuta? Viganja vimepasuka kama shamba la Dodoma mwezi wa kumi. Ubongo nao si una mafuta? Mvuke unaingia mapafuni, unashika damu, unapanda kichwani. Maziwa yanashuka tumboni. Vitakutana wapi hivyo viwili? Mwenge?

Tukimwambia hewa hakuna, anaonyesha feni ya dari. Mvuke wa perki ni mzito karibu mara sita ya hewa! Unatambaa sakafuni, unajaa kwenye lile shimo nyuma ya mashine, na ndipo sisi tunapoinamia siku nzima. Feni ya dari inatukoroga tu kama uji. Kinachotakiwa ni feni ya kunyonya, iliyo chini, inayotupa mvuke nje ya jengo.

Halafu ana hoja yake moja anaipenda: "Hii haishiki moto, ingekuwa mbaya ingewaka." Kweli haiwaki. Lakini ikigusa moto au chuma chekundu inavunjika na kutoa gesi zenye sumu, mojawapo fosijeni, ile iliyoua askari kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Na yeye anavuta sigara mlangoni pa chumba cha mashine.

Kingine kimenichoma zaidi. Dada yetu wa pasi ana kichanga. Mchana mtoto akiletwa, ananyonyeshea kwenye kile chumba cha pipa kwa sababu pengine hakuna. Mwaka 1977 madaktari wa Kanada waliandika habari za kichanga cha wiki sita kilichopata manjano. Perki ikakutwa kwenye maziwa ya mama yake. Na yule mama hakuwa mfanyakazi wa hizi kazi, alikuwa anampitia mumewe kazini mchana tu! Mume ndiye aliyekuwa msafishaji. Kwa hiyo perki yenyewe inaingia mpaka kwenye maziwa, na huyu bwana ananitibu kwa maziwa. Ya kurushiwa. Kifuani. Mbele ya wateja.

---

Kijiti Cha Meno

Uzi bila picha ya pakiti ni batili.

---

Mzee wa Pasi

Dogo, mimi nimekula miaka ishirini na mbili kwenye drai klina. Tulikuwa na zile mashine za zamani, unatoa nguo mbichi kwa mikono kwenye ya kufulia unazipeleka kwenye ya kukaushia, zinatiririka dawa mpaka kwenye viatu. Na nipo. Nyie mna mapafu ya karatasi.

---

Mkono wa Shati

Mzee wangu, shikamoo. Hizo mashine za kuhamisha ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote, ndiyo maana zikatengenezwa za kufunga, nguo inaingia kavu inatoka kavu. Yetu ni ya kufunga, ila yeye anatulazimisha tufungue kabla haijamaliza kukausha, eti mteja kasimama. Na harufu usiitegemee, pua inazoea upesi halafu unadhani imekwisha. Hebu nikuulize kwa heshima: bluu na kijani unazitofautisha vizuri? Waliokaa na perki muda mrefu wamekutwa macho yanapotea kwenye rangi, hasa upande wa bluu na njano. Hapo sijagusa ini na figo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa inaleta saratani, na waliochunguzwa walikuwa watu wa drai klina kama wewe na mimi. Kibofu, mzee. California walipitisha tangu 2007 kwamba ikifika 2023 mashine za perki ziwe zimeondoka. Sisi tunaongezewa pakiti.

---

Mzee wa Pasi

Marahaba. Mimi soksi zangu zote nyeusi, hiyo shida sina.

---

Chuma Moto

Wewe una bahati hujui tu. Maziwa umepewa! Sisi wa kuchomelea tulikuwa tunapata pakiti kila Ijumaa, tajiri kakata, anasema kila mtu aje na ya kwao. Mageti kumi na manne kwa wiki na kifua kinapiga filimbi, pakiti hakuna. Nirushie hiyo yako, hata iliyopasuka.

---

Mkono wa Shati

Chuma Moto, ndugu yangu, hata wewe hayakusaidii. Moshi wa kuchomelea upo mapafuni. Hiyo habari ya maziwa tumerithishwa na matajiri wasiotaka kununua barakoa ya maana, kwa sababu pakiti ni rahisi.

---

Chuma Moto

Usiniharibie Ijumaa zangu.

---

Binti Mtindi

Tatizo mnakunywa maziwa fresh. Sumu inatolewa na mtindi. Bibi yangu alikuwa anasema hivyo na amefika miaka tisini na mbili.

---

Kijiti Cha Meno

Bibi alikuwa anafanya kazi drai klina?

---

Fundi Spana

Mkuu mwanzisha uzi, nakuelewa kabisa. Huku gereji tunasafishia vyuma trikloroethilini, ndugu wa damu wa hiyo yako, ila hii inachemka nyuzi 87 tu wakati perki ni 121, kwa hiyo inaruka hewani upesi zaidi. Hii haina "uwezekano", ipo kundi la kwanza, saratani ya figo. Ukishinda nayo halafu jioni ukanywa bia moja, uso unawaka mabaka utadhani umechapwa na upupu. Mke wangu alidhani nina mambo mengine. Bosi wetu naye mnamjua, yule wa kofia. Anatuambia tunawie mikono humo humo, eti inatoa grisi vizuri!

---

Mkono wa Shati

Inatoa grisi na mafuta ya ngozi na kila kitu! Acheni kunawia jamani. Lakini wakuu, tusiipoteze mada. Alinirushia. Nikiwa nimekaa chini.

---

Kanuni Ni Kanuni

Mkuu, pole. Hasira weka pembeni kidogo, andika tarehe, saa na waliokuwepo. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, mwajiri analazimika kukupa vifaa vya kinga bila kukutoza. Peleka malalamiko OSHA, Wakala wa Usalama na Afya. Kemikali zenyewe zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Na nenda hospitali leo, mwambie daktari jina la kemikali kama lilivyo kwenye pipa, ukisema "dawa ya nguo" atakupa panadoli. Ikithibitika ni ugonjwa wa kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Barakoa ya kweli ni ya mpira yenye chujio la kaboni, la mvuke, si la vumbi. Glavu nyembamba za hospitali usizitegemee, perki inazipenya.

---

Mkono wa Shati

Asante sana mkuu. Nimepiga picha pipa. Kesho asubuhi naanza na hospitali.

---

Kijiti Cha Meno

Pipa umepiga picha, pakiti hujapiga. Hii chai.

---

Mama Harusi

Ngojeni kwanza. Mmesema wanachanganya bluu na kijani??? Kumbe! Mwezi wa nne nilipeleka suti ya mume wangu, bluu bahari, vifungo vya dhahabu, kashonewa na fundi wa Magomeni kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nikarudishiwa koti la kijani la mtu mwenye mabega kama kabati. Nikasema si letu, yule kijana ananikazia macho: "Mama, hii ni bluu." Mume wangu kaenda harusini na shati! Risiti ninayo!

---

Mkono wa Shati

Mama, pole, lakini mimi niko nyuma kwenye mashine, kaunta si yangu.

---

Mama Harusi

Wote mnasema hivyo. Shati! Shemeji zangu wote wapo kwenye picha na suti, yeye kasimama kama mpiga picha kapotea njia.

---

Binti Mtindi

Mimi nilipoteza gauni la kitchen party pale kona ya pili. Gauni la rangi ya chungwa. Waliniambia limeyeyuka.

---

Fundi Spana

Kuyeyuka linaweza, kama lilikuwa na shanga za plastiki au zimebandikwa kwa gundi. Perki haiachi gundi.

---

Binti Mtindi

Gauni zima, kaka? Mpaka zipu?

---

Mkono wa Shati

Jamani uzi ni wa pakiti ya maziwa.

---

Mama Harusi

Kuna mtu yeyote humu amemwona mtu kavaa suti ya bluu bahari, vifungo vya dhahabu, mfuko wa kushoto umeshonwa juu kidogo? Mwili wa wastani?

---

Chuma Moto

Vifungo vina alama ya nanga?

---

Mama Harusi

NDIYO!!!

---

Chuma Moto

Tajiri wangu anayo. Alivaa Jumapili kanisani.