Taa ya kuchaji ya meza ya cherehani na ya shamba la korosho: moja itatosha au nigawe?

BintiShangani
Wakuu salaam. Nashona nyumbani hapa Shangani, Mtwara mjini, chumba cha mbele ndiyo ofisi. Balbu ya darini iko nyuma ya kiti, kwa hiyo hata umeme ukiwepo nashona ndani ya kivuli cha kichwa changu. Ukikatika ndiyo kabisa, na mwenye shughuli yake kesho hataki kusikia habari za umeme.

Upande wa pili, kuanzia wakati wa kupuliza salfa mpaka mnada wa mwisho wa korosho nakuwa mguu mmoja mjini, mguu mmoja Nanyamba kwa bibi. Kule ni alfajiri shambani na wajomba, jioni kuchambua korosho barazani, na choo kiko mbali na nyumba.

Madukani nimeona vitu vinne: taa ya meza ya kuchaji yenye shingo ya kukunja, fanusi ya sola ya kuning'iniza, tochi ya kichwani, na ile balbu ya kuchaji inayobaki inawaka umeme ukikatika. Bajeti elfu sitini. Ningependa moja ifanye kazi zote. Mnatumia nini?

MzeeMsimbati
Binti, tochi ya kichwani, hakuna mjadala. Taa nyingine zote zinakudai mkono mmoja au zinatafuta msumari wa kuning'inia. Sisi tumevua dagaa kwa karabai miaka mingi, leo vijana wanawasha LED za betri, lakini mtu akitaka kufungua nyavu au kutazama injini anavaa tochi kichwani. Mwanga unakwenda yanakokwenda macho.

BintiShangani
Shikamoo mzee. Nimewahi kuazima ya jirani. Shambani sawa. Kwenye cherehani mwanga unacheza kila nikigeuza shingo, na mteja akiingia namchoma macho.

MzeeMsimbati
Marahaba. Mteja apige hodi.

MwalimuNewala
Mzee kaniwahi, ila nataka tuanze na hesabu, maana madukani tunauziwa wati wakati mwanga haupimwi kwa wati.

Mwanga wote unaotoka kwenye taa unapimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 40 ilitoa kama lumeni 450. LED ya wati 5 hivi inatoa huohuo. Unaofika mezani unapimwa kwa laksi, yaani lumeni zilizoangukia mita moja ya mraba. Ofisi ya kusoma na kuandika inashauriwa laksi 500, na kushona kunataka zaidi ya hapo. Sasa taa ya lumeni 450 ukiielekeza yote kwenye meza yenye mita moja ya mraba unapata karibu laksi 450. Ukiining'iniza darini inamulika ukuta, kabati na paka, na mezani panafika kidogo tu.

Umbali nao una dhambi yake. Taa ikiwa sentimita 40 kutoka kwenye kitambaa, ukaipandisha mpaka 80, mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Ndiyo maana taa ndogo yenye shingo, ikiinama karibu na sindano, inaishinda fanusi kubwa iliyotundikwa.

Kwa hiyo fanusi na balbu ya kuchaji nazitoa kwenye meza yako. Balbu ya kuchaji ni nzuri kwa sebule, watu wasigongane umeme ukikatika, basi. Pendekezo langu ni kitaa cha USB chenye shingo na klipu, ukichomeke kwenye pawabenki. Pawabenki ya 10,000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) ina betri ya volti 3.7, hiyo ni kama wati-saa 37. Taa ya wati 5 kwenye karatasi inakwenda saa 7 na ushei, ukitoa upotevu wa kupandisha volti weka saa 6. Jioni nzima ya kushona hiyo. Ukienda Nanyamba unabeba vilevile, na simu inachaji humohumo.

LindiMjini
Mimi sishauri, naonya tu. Duka moja waliniuzia taa ya sola ya ukutani imeandikwa wati 300. Saa tatu usiku inafifia, saa tano imelala.

FundiSola_Masasi
LindiMjini pole. Hiyo 300 ni namba ya kupendezesha boksi. Tazama paneli yake. Kama ina ukubwa wa karatasi ya A4, hata jua la saa sita mchana likiwa kali vipi haitoi zaidi ya wati kumi na kitu. Utawasha wati 300 usiku kucha kwa umeme upi?

Dada BintiShangani, walionitangulia wamezungumza mwanga. Mimi mezani kwangu taa zinaletwa zikiwa zimekufa, na kinachokufa ni betri, LED mara chache sana. Kwa hiyo chagua betri kwanza, taa baadaye.

Taa nyingi za kuchaji za bei ya chini, zile nzito kidogo, ndani zina betri ya risasi ya volti 4. Ikiachwa bila chaji inaganda sahani zake na hairudi. Wewe taa ya shamba utaiweka kabatini msimu ukiisha, mwakani unaitoa imekufa. Labda uwe mtu wa kukumbuka kuichaji kila mwezi, nami watu hao nawajua wachache.

Lithiamu ya kawaida ndiyo nyepesi na inatunza chaji. Nyingi ni zile za mviringo zinazoitwa 18650, na hapo angalia usiibiwe. Selo, yaani betri moja, ya kweli ya 18650 inaishia kama 3,500 mAh. Ukiona imeandikwa 9,900 ujue kanjanja. Iweke mkononi: nzima ina uzito wa gramu arobaini na kitu, feki nyingi ni nyepesi mno, unahisi hata bila mizani. Taa ya 18650 yenye mfuniko wa kufungua kwa mkono inunue hata ikiwa ghali kidogo, maana betri ikichoka unabadilisha betri. Zile zilizogandishwa kwa gundi zikichoka ni takataka.

Ipo na lithiamu ya fosfeti, volti 3.2 kwa selo. Inavumilia joto na kuchajiwa mara nyingi zaidi, ila taa zake si rahisi kuzipata kwa bajeti hiyo.

Na lithiamu usiihifadhi tupu wala imejaa pomoni. Nusu inatosha. Wala usiiache juu ya kabati chini ya bati, lile joto la mchana linaimaliza kuliko hata kuitumia.

MwalimuNewala
Fundi, kwa maelezo hayo pawabenki bado inashinda. Betri ya lithiamu, taa haina betri kabisa, kikifa kimoja unabadilisha hicho tu.

FundiSola_Masasi
Mwalimu, mezani nakubali. Shambani sikubali. Pawabenki nyingi zikiona mzigo mdogo zinadhani simu imejaa, zinajizima. Taa ukiiweka mwanga hafifu wa kulalia, baada ya muda kidogo giza. Bibi ataamka kwenda nje apapase gizani. Pili, tundu la USB liko wazi. Shangani na Mikindani chumvi ya bahari inakula vile vichuma vya ndani vinakuwa kijani, na Nanyamba kuna salfa.

Salfa watu wanaisahau. Alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, mashine inapuliza unga juu ya mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na ule unga unaingia kila tundu. Taa ya kazi hiyo isome alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 vumbi haliingii kabisa, na inahimili maji ya kurushwa kwa mpira. IP44 inavumilia matone na michirizi, lakini unga laini utapita. Isiyo na alama yoyote ni ya barazani.

MzeeMsimbati
Kwa hiyo tochi ya kichwani yenye IP65. Nilisema.

MamaTandahimba
Jamani mnaongelea betri kama hakuna anayechambua korosho. Mimi jioni nachambua, na taa ndiyo inaniambia hii ni daraja la kwanza au imeshaanza kuwa na madoa. Kuna taa nyeupe ile ya ubuluu, ukichambua nayo usiku kila kitu kinafanana kijivu, asubuhi unakuta zilizoharibika zimo ndani ya gunia zuri, na kwenye chama cha msingi watakurudishia ukachambue upya mbele ya watu.

Mdogo wangu, wewe unashona, nyuzi unalinganishaje? Bluu ya usiku na nyeusi zinakuwa kitu kimoja.

MwalimuNewala
Mama umegusa penyewe. Hicho ni kipimo cha CRI, yaani taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa ukweli, mwisho wake 100. Taa za mtaani nyingi hazikiandiki. Ukiona 90 na zaidi chukua kwa kazi ya vitambaa, 80 ni ya kawaida. Ni tofauti na Kelvini, ambayo ni rangi ya mwanga wenyewe: 2,700 mpaka 3,000 ni wa njano, 6,500 ni mweupe wa ubuluu. Kwa kushona karibu 4,000 mpaka 5,000 inapendeza. Kama boksi halisemi kitu, nenda dukani na vipande viwili vya uzi, bluu na nyeusi, uviweke chini ya taa. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Jaribu na simu pia. Washa kamera, isogeze karibu na taa ikiwa imepunguzwa mwanga. Ukiona michirizi mieusi inatembea kwenye kioo, taa inapepesa haraka kuliko jicho linavyoona. Wengine kwa saa nyingi inawaletea kichwa kuuma, na sindano inayokimbia inaonekana kama inarukaruka.

MamaTandahimba
Na wadudu! Mvua za kwanza kumbikumbi wakianza, taa nyeupe barazani ni kuwaita harusini. Ya njano wanakuja wachache. Mimi naweka nyeupe mbali kidogo ukutani wakusanyike huko, ya njano karibu na ungo.

LindiMjini
Kumbikumbi mnawafukuza? Kusini gani hiyo? Weka beseni la maji chini ya taa nyeupe, asubuhi kaanga.

MamaTandahimba
Kaanga ukimaliza kuchambua, kaka. Wakiingia kwenye ungo wa korosho nani ataanza kuwatoa mmoja mmoja?

BintiShangani
Nawashukuru wote. Swali kwa kaka fundi: Nanyamba kwa bibi hakuna umeme. Nikichukua tochi ya kichwani na kitaa cha USB, nachaji wapi? Nikiziacha zote nikachukua fanusi ya sola si nimerahisisha?

FundiSola_Masasi
Fanusi za sola kipaneli chake ni kile cha kiganja kilichobandikwa juu. Ili ichaji unaianika na betri yake juani mchana kutwa, na nimeshakuambia joto na lithiamu. Tafuta paneli ndogo ya peke yake, wati 10, yenye tundu la USB. Jua la Kusini ukihesabu saa 5 nzuri ni wati-saa 50, toa upotevu bado 35 hivi. Inajaza pawabenki karibu yote kwa siku, na tochi unaichaji kutoka humo. Paneli inakaa juani, pawabenki unaiweka kivulini chini yake. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba, usitegemee hesabu hiyo.

Kama hela haitoshi kwa vyote, paneli isubiri. Ukienda Nanyamba kwa siku mbili tatu, pawabenki iliyojaa kutoka mjini inatosha tochi.

MzeeMsimbati
Binti, tochi uitafute yenye mwanga mwekundu pia. Ukiwasha mweupe mkali kisha ukazima, macho yanakaa karibu nusu saa kabla hayajazoea giza vizuri. Mwekundu hauyaharibu. Bibi akitoka usiku awashe mwekundu akiwa ndani, mweupe njiani, maana nyoka mwekundu haumwonyeshi sawasawa.

BintiShangani
Nimeelewa mzee. Basi nagawa. Tochi ya kichwani ya 18650, mfuniko wa kufungua, IP65, ile ya Nanyamba. Kitaa cha USB cha shingo na klipu kwa cherehani, pawabenki ninayo tayari. Fanusi sichukui. Paneli nitaangalia malipo ya kwanza ya korosho yakiingia. Nikienda dukani nabeba nyuzi zangu mbili na simu.

MwalimuNewala
Safi. Klipu usiibane kwenye kichwa cha cherehani, mtetemo unailegeza na mwanga unatikisika na mshono. Bana kwenye ukingo wa meza, upande wa kushoto wa sindano kama unashona kwa mkono wa kulia.

BintiShangani
Meza yangu ukingo ni mnene, klipu nilizoona hazipanuki hivyo.

FundiSola_Masasi
Mwambie seremala akupigie kipande cha ubao chembamba pembeni, misumari miwili. Bana hapo.