Re: Landrova ya 1968, bei yake inaendana?

Baba Doto, Leicester:
Wanamwanza, habari za huko mliko. Kuna Landrova Series IIA ya 1968 inauzwa huku Uingereza, chesi fupi (inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), petroli. Bei anayotaka mwenyewe inanunua Hilux iliyotumika na chenji inabaki. Rangi safi, viti vipya. Mpango ni kukaa nayo kidogo kisha kuishusha Mwanza. Bei ni halali au tunalipia jina?

Mzee wa Pasiansi, Birmingham:
Baba Doto, rangi na viti weka pembeni. Kwenye Landrova hizi za Series hela iko kwenye chesi, ile fremu ya chini inayobeba gari, na kwenye namba.

Bodi ni aluminiamu, kwa hiyo gari linaweza kupendeza juu huku chini limekwisha. Barabara za huku humwagwa chumvi majira ya baridi, na chesi yake ni boksi la chuma lenye uwazi. Tope la chumvi likiingia halitoki, chuma kinaoza kuanzia ndani. Lala chini na nyundo ndogo, gonga mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kwa ukali. Kilichooza kinaitikia "bu" na magamba yanadondoka. Kaa sana kwenye boriti ya nyuma, kwenye mikono inayobeba bodi pembeni, na pale springi za nyuma zinaposhikiwa. Halafu inua mkeka wa miguuni: ukuta ule wa mbele unaotenga injini na abiria ni chuma, na kutu inaupenda kwenye pembe za chini na nguzo za milango. Kiraka kilichochomelewa juu ya uozo usikihesabu.

Nenda na sumaku pia. Ikinasa kwenye madigadi ya mbele, kuna mtu kapachika bati.

Namba ya chesi imegongwa mbele kulia, pale springi inaposhikiwa. Ya injini iko kwenye bloku, upande wa kushoto kwa mbele. Zilinganishe na hati na kibao cha ndani ya gari. Zikiwa zilezile za kiwandani, bei ya juu ina msingi. Injini ikiwa ya kupandikiza, gari linafaa kwa kazi, ila usilipe bei ya wakusanyaji wa magari ya kale.

Chesi mpya iliyopakwa zinki ni maelfu ya pauni, na kuifunga ni kuvua gari lote. Ikifeli nyundo, punguza kiasi hicho kwenye bei, asikupoze na pauni mia mbili.

Na bei za mnada zisikuzuzue. Ile Mercedes 300 SLR Uhlenhaut Coupé iliyouzwa euro milioni 135 mwaka 2022 zilitengenezwa mbili tu. Landrova iliyotimiza idadi ya milioni moja ilitoka kiwandani 1976. Hapo hakuna uhaba, unalipia uzima.

Ukiinunua, gari lililopita miaka 40 halilipi kodi ya barabara, na kama halijabadilishwa sana halidaiwi MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Jaza petroli ya E5 (ethanoli isiyozidi asilimia 5), E10 yenye hadi asilimia 10 inatafuna mipira ya zamani, kwa hiyo badili hosi za mafuta na diaframu ya pampu.

Mama Kulwa, Nyakato:
Shikamoo Mzee. Baba Doto, kinachovuruga hesabu ni hiyo safari ya Mwanza. Forodha ni asilimia 25 ya thamani pamoja na nauli ya meli na bima, VAT asilimia 18 inakaa juu ya jumla, na kuna ushuru wa uchakavu kwa gari la umri huo. Ukilipa bei ya wakusanyaji, kodi nayo inapanda.

Huku ziwa ni maji baridi, hayana chumvi. Chesi zilizozeekea Sengerema au Ukerewe mara nyingi ni kavu, ugonjwa wake ni nyufa za mzigo. Paka dizeli, futa, nyunyiza chokaa kwenye maungio ya springi, ufa utajichora. Ekseli za nyuma hukatika, na zile tufe za magurudumu ya mbele, yale maungio ya mviringo yanayoyageuza, zikishika vishimo, sili mpya haidumu, oili inavuja tena.

Ukipata ya huku, kadi yake ya usajili ndiyo uichunguze kuliko injini. Nyingi zilikuwa za mashirika yaliyokwisha kufungwa, na namba ya chesi ikiwa imefunikwa na kulehemu, uhamisho wa umiliki hautapita.

Ukitaka ya kupanda vilima vya Bugando, nunua ya huku, tuma ekseli mbili, tufe, sili, gasketi na seti ya vipuri vya kabureta. Ukitaka ya kutunza thamani, iache Leicester ndani ya banda kavu.

Baba Doto:
Asanteni kwa ushauri wenu. Jumamosi naenda na nyundo. Mama Kulwa, hizo tufe kuna fundi anazichonga huko?

Mama Kulwa:
Wapo wanaojaza na kuchonga, lakini hazidumu. Tuma mpya zenye kromu.